Shemeji Anayembeba Mume Wangu Ndiye Aliyeng'oa Kontrolboksi ya Gari Letu

Admin, nifichie jina tafadhali, maana ukoo wa mume wangu karibu wote wanafuatilia ukurasa huu.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na mbili, nina watoto watatu, naishi Kikuyu hapa Dodoma. Hasira zimeniisha, hata kulia siwezi tena. Nimechoka tu, jamani.

Miaka miwili iliyopita mume wangu alipata kiharusi. Upande wa kulia haufanyi kazi na anaongea kwa shida. Kabla ya hapo alikuwa na pikapu yake, anachukua mahindi sokoni Kibaigwa na kuwapelekea wenye mashine za kusaga hapa mjini. Alipoanguka, nikashika usukani mimi. Watu walicheka, baadaye wakazoea. Pikapu hiyo ndiyo inayotulisha mpaka leo.

Aliyenishika mkono kipindi chote hicho ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, fundi mwenye gereji Msalato. Kila Jumatano na Jumapili anakuja kumwinua kaka yake, anamwogesha, anamnyoa ndevu, anampeleka hospitali kwenye mazoezi. Mimi peke yangu simwezi, mume wangu ni mtu mwenye mwili. Shemeji hajawahi kukosa hata siku moja. Naomba mlijue hilo kabla hamjamhukumu.

Mavuno yalipoanza nilimpa gari alibadilishe oili. Likakaa kwake siku tatu. Wiki moja baada ya kulichukua likaanza vituko. Ni otomatiki, gia zinabadilika zenyewe, lakini sasa zikawa zinaingia kwa kishindo kana kwamba mtu amepiga teke kiti chako, mara linang'ang'ania gia ya tatu halitoki. Siku moja nimepakia magunia likanigomea mlimani, kabla sijafika Buigiri. Nilikaa juani toka asubuhi hadi saa tisa alasiri, malori yananipita na kunipigia honi.

Shemeji alikuja kulivuta. Akalisikiliza, akatikisa kichwa. "Shemeji, hapa giaboksi imekwisha. Tutafute nyingine."

Mama mkwe aliposikia aliuza mbuzi wake kijijini. Tukafunga giaboksi ya mtumba. Gari likatulia siku mbili, likarudia yale yale. Shemeji akalifungua tena, na tena. Miezi mitatu! Wateja wakahamia kwa wengine, mwanangu wa kwanza akarudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Kila jioni mume wangu ananiuliza, "Mama Neema, gari imepona?" Namjibu bado kidogo.

Mwisho nikalivuta mjini kimya kimya, kwenye duka la spea la mzee mmoja Mhindi. Binti yake ndiye anayepima magari kwa kompyuta. Alichomeka waya wake chini ya dashibodi, akasoma kompyuta yake mara mbili.

"Mama, giaboksi haina shida," akasema. "Na ile ya kwanza nadhani haikuwa na shida. Kilichokufa ni kontrolboksi, hiki kidude kinachoziamuru gia zibadilike." Akanigeuzia kompyuta nione. "Halafu hii si ya gari lako. Ndani yake kuna namba ya chasisi ya gari jingine. Nani huwa anakutengenezea?"

Nikamwambia sikumbuki. Kumbe nakumbuka vizuri, gari lile halijawahi kufunguliwa na mkono mwingine.

Walinitafutia kontrolboksi nzima, yule binti akaifunga na kuiseti ilitambue gari langu. Nikaliendesha mpaka nyumbani, gia zinapanda laini kama zamani. Nilipaswa kufurahi. Nilikaa ndani ya gari nje ya geti, nikashindwa kushuka.

Kesho yake nikaenda Msalato na ile mbovu nimeifunga kwenye kanga. Nikaiweka mbele ya shemeji. Hakuuliza ni nini. Akawaambia mafundi wenzake wakanywe chai, kisha akakaa juu ya tairi.

"Kuna bosi mmoja aliniletea pikapu kama yenu," akasema. "Niliiunguza kontrolboksi yake nikichomelea bodi ya gari bila kuchomoa betri. Akanipa siku mbili, la sivyo polisi. Nikachukua yenu, nikawawekea nyingine ya mtumba. Nilitegemea itafanya kazi, shemeji. Wallahi nilitegemea."

"Na giaboksi? Na mbuzi wa mama yako?"

Akainamisha kichwa. "Niliogopa kusema. Yule bosi asingenielewa. Wewe nilijua utavumilia."

Nilichukua kanga yangu nikaondoka.

Jumapili akaja kama kawaida. Nilimfungulia geti, akapita bila kuniangalia. Nikamsikia kule bafuni anamwogesha kaka yake taratibu, anamtania, na mume wangu anacheka. Kicheko cha mume wangu siku hizi ni adimu, na anayekitoa ni huyo huyo.

Sasa mume wangu anaamini gari limeponywa na mdogo wake. Amempigia mama yao kumwambia mbuzi hawakupotea bure. Tena juzi kampigia shemeji, wamekubaliana Jumamosi aje kulichukua alikague breki. "Asiliguse mtu mwingine," kaniambia, "huyu ni damu yangu."

Nikisema ukweli, nitamvunja mgonjwa moyo, na sijui nani atamwinua kitandani. Nikinyamaza, nitampa ufunguo kwa mkono wangu mwenyewe, nirudi jikoni kumwandalia chai.

Ndugu zangu, hasa mliowahi kuuguza, mngekuwa mimi mngefanyaje? Msinitukanie shemeji, nishaurini tu. Jumamosi ni keshokutwa.