Mkono Kwenye Mkoba wa Mama Mkwe

Fundi wa mikoba alikuwa na kosa moja tu kwa mama mkwe wake, lakini lilikuwa kosa la miguu yote miwili. Siku ya harusi alimzawadia viatu vyekundu vya ngozi alivyovitia rangi mwenyewe. Mvua ikanyesha, rangi ikachuja, na mama wa watu akatembea na nyayo nyekundu wiki mbili nzima. Tangu hapo, mwaka wa kumi na tisa sasa, walikuwa wakisalimiana tu. Shikamoo, marahaba, basi. Mama akitaka chumvi mezani, alimwambia binti yake amwambie mumewe aisogeze.

Sasa mama alikuwa anahamia mbali, kwa mwanawe wa kiume, na safari ilikuwa Jumapili. Fundi aliona akiondoka hivyo hivyo ndiyo basi tena, na roho ilimuuma kweli. Akaamua kumshonea mkoba, akaapa kwamba rangi ya chupa haitaugusa. Ngozi isiyotiwa rangi huwa imepauka kama unga wa ngano. Ukiipaka mafuta kidogo isije ikapasuka, kisha ukaianika juani siku kadhaa huku ukiigeuza, hukolea yenyewe ikawa rangi ya asali, wala haichuji. Sharti lake ni usiweke kitu juu, maana palipofunikwa hubaki nyuma.

Haya yote aliyajua, tena alikuwa akiwafundisha wenzake kwa mikogo. Lakini usingizi haujali ufundi wa mtu. Alhamisi, akiwa ameshiba, alikaa uani kuulinda mkoba usidonolewe na kuku, akauwekea kiganja usiangushwe na upepo, akafumba macho kidogo tu. Alipoamka jua lilikuwa limeshainama. Mkoba ulikuwa umekolea vizuri ajabu, isipokuwa katikati. Pale palikuwa na mkono wake, umepauka, vidole vyote vitano, pamoja na kile cha mwisho kilichopinda tangu alipokipiga nyundo.

Mwenye akili timamu angeuacha ulivyo. Yeye alikata gazeti tundu la umbo la mkono, akafunika kwingine kote, akaliachia jua la Ijumaa lijaze pengo. Mpango haukuwa mbaya. Ila alikuja mteja mmoja mwenye maneno mengi, wakabishana juu ya zipu mpaka alasiri, na fundi alipokumbuka mkoba, mbio zake hazikusaidia kitu. Mkono ulikuwa umeupita mkoba wote kwa kukolea.

Mkewe alipouona alikaa chini akacheka mpaka akashika mbavu. Alipopata pumzi alimshauri aseme ni mtindo mpya. Fundi hakuona la kuchekesha hata kidogo, na Jumamosi hakula vizuri.

Jumapili, mizigo ikiwa mlangoni, alimkabidhi mama mkwe mkoba na kutazama sakafu. Mama aliugeuza, akakazia macho ile alama. Kisha, bila kuomba ruhusa, akaushika mkono wa mkwewe na kuulaza juu yake, kidole kwa kidole, mpaka kile kilichopinda.

"Ulilala," alisema.

"Nililala, mama."

Mama alilowesha leso, akasugua ngozi kwa nguvu, akaikagua leso mbele na nyuma. Ilikuwa safi.

"Na hii alama, itatoka?"

Fundi akaona hapa ndipo pa kujiokoa. Akaeleza harakaharaka, maneno yakigongana, kwamba akiutembeza juani mwaka mmoja hivi, ngozi ya kwingine itaufikia mkono, rangi itakuwa moja, na hakuna atakayejua kitu.

Mama mkwe alitia miwani na dawa zake ndani ya mkoba, akaufunga, akautundika begani, mkono ukiangalia nje. Kisha akamwomba binti yake mwavuli.

"Nitakuwa nautembeza na huu," alimwambia fundi, "mkono usije ukanipotea."