Waliobaki Kwenye Sahani

Kazi yangu Naivasha ilikuwa kutafuta wadudu. Kwenye shamba la maua wanatuita skauti: unapita kati ya mistari ya waridi na lenzi shingoni, unageuza jani, unachungulia upande wa chini, unamtafuta yule mdudu mwekundu tunayemwita redspaida. Ni mdogo kuliko punje ya chumvi. Ukimpuuza, majani yanageuka rangi ya kutu na maua hayana soko tena. Mimi simvumilii mtu anayedharau kitu kwa sababu ni kidogo, na nadhani kazi hiyo ndiyo iliyonipa hasira hizo.

Kuna msimu dawa ilikataa. Watu wa kupiga dawa walipiga, wakarudia, na mimi nikigeuza majani nawakuta wadudu wametulia tu. Supavaiza akasema wapiga dawa wanalala kazini. Wapiga dawa wakasema skauti hatuoni vizuri. Nusura tushikane mashati. Ndipo akaja mtafiti kutoka chuo kikuu, mwanamke kijana mwenye subira ya ajabu, akaomba skauti mmoja wa kumsaidia. Akapewa mimi, nafikiri ili supavaiza apate kupumzika na mdomo wangu.

Tulikata vipande vya majani ya maharagwe, tukavilaza juu ya pamba yenye maji ndani ya sahani za plastiki, tukaweka redspaida juu yake. Wengine tuliwatoa kwenye waridi, wengine kwenye magugu ya nje, karibu na fensi, ambako dawa haikuwa ikifika. Wote tukawanyunyizia dawa ileile. Kesho yake nikapewa brashi yenye nywele chache na maagizo mafupi: mguse kila mmoja. Akitembea, mwandike yuko hai. Asipotikisika, amekufa. Wale wa fensi walikuwa wamekufa karibu wote. Wale wa kwenye waridi niliwagusa wakaondoka zao polepole, kama watu walioamshwa na hawana haraka ya kwenda popote.

Kisha akanionyesha jambo lililonisumbua zaidi. Alichukua wengine wa fensi, wale wanyonge, akawapa dawa aliyoizimua kwa maji. Wengi walikufa. Nikafurahi, nikasema kumbe hata nusu inatosha. Akaniambia tungoje. Wachache waliobaki akawaacha wazae, akawapa tena ile nyepesi, waliobaki wakazaa tena. Baada ya vizazi kadhaa akawapiga kwa dawa kamili. Nikashika brashi yangu, nikagusa. Walitembea.

"Hatukuwafundisha kitu," aliniambia. "Wenye kuivumilia walikuwamo tangu mwanzo, ila wachache. Sisi tumewaulia majirani, tukawaachia jani lote wao na watoto wao."

Nilikuwa nikiishi Karagita, chumba kimoja cha kupanga, mimi, mume wangu na mtoto wetu mdogo. Mume wangu ni mtu wa bodaboda. Miezi michache kabla ya hizo sahani alikohoa mpaka akapimwa, akakutwa na TB, akapewa vidonge vya miezi sita. Mtoto hakuwa nayo, akapewa dawa ya kinga, na aliimeza vizuri kuliko baba yake. Baada ya muda kikohozi kikaisha. Uso wa mume wangu ukajaa, akaanza tena kuimba akioga, nami nikajua tumepona. Nasema tumepona kwa sababu kwenye chumba kimoja hakuna mtu anayeumwa peke yake.

Jumapili moja niliichomoa bitana ya helmeti yake nikaifue. Vidonge vikamwagika sakafuni, bado vimo kwenye karatasi zake za kung'aa. Kila asubuhi alikuwa akiondoka navyo, akisema atameza stejini, pale wanapongojea abiria, baada ya chai. Aliporudi, sikungoja avue viatu.

"Hizi ni nini?"

"Mama, mimi niko fiti. Hizo tembe zinanimaliza. Nikimeza naskia njaa, miguu inawaka, na kastoma ananingoja. Si unaona vile nimenona?"

"Nani alikuambia uache?"

"Mwili yangu. Hizo dawa zilifanya kazi, wadudu wakaisha. Sasa unataka niue nini?"

Nikamshika mkono, nikampeleka nje kwenye mkebe ambamo jirani alikuwa amepanda maharagwe. Nilijua nitawapata, maana wako kila mahali. Nikageuza jani, nikampa lenzi.

"Kumbe hii kitu inatembea!" akasema.

Nikamweleza habari ya sahani, jinsi tunavyowagusa kwa brashi na kuandika nani yuko hai, na ile ya dawa nyepesi hasa. Nikamwambia: "Wewe umepiga nusu. Umeua wale wanyonge. Ukianza kukohoa tena, hautakohoa ile TB ya kwanza, utakohoa watoto wa wale walibaki. Na huyu mtoto analala katikati yetu, na kinga alipewa ni ya dawa hizo hizo ulificha kwa helmeti."

Kwa ugomvi nina nguvu. Yeye akanirudishia lenzi, akaingia ndani, akamtazama mtoto aliyekuwa akicheza na kifuniko cha sufuria. Jioni hiyo alitandika mkeka wake karibu na mlango, peke yake, na dirisha akaliacha wazi. Asubuhi akaenda kliniki bila kusukumwa.

Nesi alimkemea vya kutosha, akachukua makohozi yakapimwe kama dawa bado inawaweza wadudu wake. Majibu yalikawia. Niliogopa, tena sana. Kazini nilishika brashi, na kila redspaida aliyetembea nilimchukia kama mtu. Nyumbani, kabla ya kutoka, nilimgusa mtoto unyayo kwa kidole, akiwa bado amelala, nikangoja auvute mguu. Alikuwa akiuvuta kila mara. Hata hivyo niliondoka na wasiwasi uleule.

Mume wangu alinipigia simu nikiwa katikati ya waridi. "Wamesema dawa bado inashika," akasema. "Ati nizimalize zote, na wewe ndio utakuwa unaniangalia nikimeza." Niliketi chini palepale nikalia, lenzi ikining'inia shingoni, na supavaiza akapita mbali akajifanya hakuniona.

Kesho yake asubuhi mume wangu alikuwa ameketi kwenye mkeka wake, kikombe cha maji mkononi. Nikamgusa mtoto unyayo. Akauvuta mguu, akanung'unika, akageukia ukutani.

"Ametembea?" mume wangu akauliza.

"Ametembea."

"Basi andika huyo yuko hai," akasema. Akatia vidonge mdomoni, akanywa maji, kisha akaniachamia mdomo wazi kama mtoto, akainua ulimi, nione kwamba hapakubaki kitu.