Theluji Iliyomchukua Anselme

Siku ile ya Ruwenzori haijanitoka kichwani, mwanangu, na nikiikumbuka ninakasirika upya. Sasa nasikia wewe na wenzako mnataka kupanda kule kwenye theluji, tena mnacheka. Kaa hapa kwanza.

Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa Wabelgiji. Mimi na Anselme, mtoto wa mama yangu mdogo, tulikulia hapa Kisangani kando ya maporomoko, kwa wavuvi. Baridi tuliyoijua ni ya mvua tu. Tonton Mateso, ndugu ya mama zetu, alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja mpiga picha, tuliyemwita Patron. Patron alipotafuta wabeba mizigo, Tonton akatuchukua. Tukapita Bafwasende kwa lori mpaka Beni, kisha tukapanda kwa miguu hadi kwenye theluji.

Patron aliijua theluji, siwezi kumnyima hilo. Jioni moja kambini alitufundisha: theluji mpya ikiletwa na upepo, inalala juu ya ile ya zamani bila kushikamana nayo. Jua likiipiga, yote inateleza kwa pamoja. Ukisikia chini ya miguu mshindo kama wa mlango mzito unaofungwa, rudi.

Kulipokucha theluji mpya ilikuwa imejaa kila mahali. Patron mwenyewe akasema hakuna kutoka. Lakini adhuhuri mawingu yakafunguka, kilele kikaonekana, naye akashika kamera. Alitaka picha kutoka ng'ambo ya mteremko.

"Patron," Tonton akamwambia, "jana ulituambia nini?"

"Ni dakika chache tu, Mateso."

"Bon, wende peke yako. Hawa iko batoto ya badada yangu!"

Akatupa mzigo chini, akanikamata shati. Lakini Anselme alikuwa ameshatangulia mteremkoni, vyuma vya kusimamishia kamera begani, anatabasamu, maana Patron alimwahidi picha ya kumpelekea mama yake.

Tukasikia mshindo ule. Ufa ukakata mteremko juu yake, na theluji yote ikashuka. Patron alikuwa bado pembeni; haikumgusa.

Tulichimba kwa sufuria, kwa sahani, kwa mikono mpaka vidole vikatoka damu. Tulipomfikia alikuwa amekufa, theluji imejaa mdomoni. Patron akaketi, analia: "Mulima huu ni mubaya."

Tonton akasimama mbele yake. Siku zile hakuna aliyethubutu kumsemesha Mzungu vile.

"Usiseme mulima! Mulima haikumutuma Anselme. Wewe ulijua, na ukamutuma!"

Akafukuzwa kazi palepale. Tukamteremsha Anselme kwa machela, na ni Tonton aliyeingia kwa dada yake kumwambia. Patron hakuja hata mazishini.

Basi nisikilize. Theluji mpya ikianguka, msivuke mteremko. Chakula kikiisha, shukeni. Ukiona mabonge madogo ya theluji yanabingirika yenyewe, toka hapo haraka. Mkilazimika kuvuka, avuke mmoja mmoja, wengine wakimwangalia. Na kiongozi wenu akiwa na haraka, akageuza maneno aliyowafundisha mwenyewe, mwachie mzigo wake chini. Akuite mwoga, akufukuze, mwachie tu!

Mungu akutangulie njiani, mwanangu. Akupe macho ya kuona na kinywa cha kukataa, na akurudishe kwa mama yako ukitembea kwa miguu yako mwenyewe.