Kipande cha Nne Kutoka Banio

Mimi ni mwoga. Nasema mapema ili msomaji asije akatafuta shujaa humu akamkosa. Kanisani nikiombwa kusoma neno, kikohozi hunishika tangu asubuhi. Kwenye vikao vya wazazi nilikuwa nakaa nyuma, karibu na mlango. Nimeolewa hapa Old Moshi miaka ishirini na mbili, na hakuna aliyewahi kusema kwamba yule mama ana maneno. Maneno ninayo, tena mengi, ila hutoka nikiwa zizini na ng'ombe wawili ambao hawana pa kuyapeleka.

Mwaka ninaousimulia, mume wangu alivunjika mguu. Alikuwa anashuka ukingoni na mzigo wa majani ya ng'ombe, akateleza. Majani yalifika chini salama, yeye akafika na mguu umepinda. Hospitali wakamfunga hogo la plasta kuanzia pajani, akaletwa nyumbani, akawekwa sebuleni na rimoti ya televisheni. Kiangazi ndiyo kwanza kilikuwa kinaanza, na mimi nilikuwa na miche mia tatu ya kahawa kwenye viriba nyuma ya nyumba.

Hiyo miche lazima niieleze. Mibuni ya kihamba chetu, shamba linalozunguka nyumba, ilipandwa na baba mkwe, imezeeka, inazaa kwa huruma tu. Majirani wengi walishang'oa yao wakapanda parachichi. Mimi nikasema tutapanda kahawa upya, na miche nitaotesha mwenyewe. Mume wangu alicheka, kisha akaona mbegu zimechipua akaacha kucheka. Ilikuwa kazi ya kwanza maishani niliyoianza bila kumwomba mtu ruhusa, na nilikuwa naipenda kuliko ninavyoweza kueleza. Lakini miche ya umri ule inataka maji, na bomba letu hutoa maji linapojisikia. Bila mfongo isingefika katikati ya kiangazi.

Mfongo ni mfereji unaoleta maji kutoka mtoni huko juu, unapita pembeni mwa vihamba, na kila nyumba ina zamu yake ya kumwagilia. Mwanzo wa kiangazi maji yanafungwa huko juu na mfongo unasafishwa kwa siku moja, Jumamosi. Kila nyumba inapewa kipande cha hatua nane, kinawekewa alama ya jani la isale, mmea wetu wa mipakani, ukingoni. Anayechimba lazima awe mtu wa nyumba hiyo. Vibarua walikatazwa zamani kwa sababu walikuwa wanalipua kazi. Nyumba isiyochimba inatoa debe la mbege, pombe yetu ya ndizi, na inakatiwa zamu kiangazi chote. Mbege ningepika. Zamu ndiyo iliyoninyima raha.

Watu wa nyumba yetu tulikuwa watatu: mume wangu na hogo lake, mama mkwe aliyepita miaka themanini, na mimi. Binti yetu yuko chuoni Dodoma. Hesabu ilikuwa rahisi, ila wanawake hawachimbi mfongo. Hakuna mahali palipoandikwa. Ilisemwa tu tangu enzi za mababu kwamba mwanamke akifika kwenye banio, pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni, maji hukasirika yakakauka. Sisi ni Walutheri, hatuamini mambo hayo. Ila hakuna aliyekuwa tayari kuwa wa kwanza kuyajaribu.

Alhamisi tangazo likaingia kwenye kundi la WhatsApp la mfongo. Mume wangu akatuma ujumbe wa sauti, akaeleza habari za mguu, akauliza kama mke wake anaweza kumwakilisha. Mwenyekiti wa mfongo ni mzee mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde bila kuhitaji simu. Alijibu kwa sekunde nne: "Mfongo si jiko." Chini yake watu kumi na mmoja wakaweka vidole gumba. Niliisikiliza ile sauti mara tatu. Nilikasirika mpaka nikamwaga chai, na hapohapo nikajua kwamba hasira yangu ingeyeyuka nikifika mbele yake.

"Tuwaombe tu," mume wangu akasema. "Mwakani nitachimba vipande viwili."

"Miche haisubiri mwakani."

"Sasa utafanya nini?"

Sikujua. Nikaenda zizini, maana ndiko ninakokwenda nisipojua.

Nyuma ya zizi pana mfereji wa mkojo wa ng'ombe, ulikuwa umeziba tangu masika. Nikapima hatua nane, nikachukua jembe la mume wangu, nikaanza. Jioni ile nilifika hatua ya tatu nikakaa chini nahema. Tena udongo nilikuwa naurusha upande wa juu, na alfajiri nikakuta wote umerudi mferejini. Ijumaa nikaanza upya, safari hii narusha upande wa chini, nikamaliza hatua zote nane kabla ya kukamua maziwa ya jioni. Nikasimama nikautazama ule mfereji. Ulikuwa umechimbwa, na aliyeuchimba ni mimi. Nikajaribu kujiambia siwezi, kama nilivyozoea, nikaona sasa nasema uongo.

Mama mkwe alinikuta nanoa jembe kwa tupa.

"Mae! Unakwenda wapi na hilo jembe?"

"Mfongoni, mama."

"Utatukaushia maji, mwanangu. Mimi nimeingia nyumba hii nikiwa msichana. Sijawahi kukanyaga kule, na sijapungukiwa kitu."

"Na miche, mama?"

Akaendelea kumenya ndizi, kwa nguvu kuliko ndizi zilivyohitaji.

Mume wangu, kuona sirudi nyuma, akanielekeza. "Ukifika kwenye banio geuka, hesabu vipande vinne kushuka. Cha nne ndicho chetu."

"Banio nitalijuaje?"

"Utaliona tu. Lina mawe na mbao."

Mpango wangu ulikuwa kwenda alfajiri, kuchimba, na kuondoka kabla mwanamume yeyote hajafika. Ulikuwa ujasiri wa kujificha, nakiri, lakini ndio pekee niliokuwa nao nyumbani.

Nikatoka saa kumi na moja, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, tochi ya simu mkononi. Nikaufuata mfongo kupanda. Baada ya muda nikafika mahali ambapo maji yanagawanyika mikono miwili, pana lango la mbao na mawe pembeni. Nikasema, "Bwana Yesu, kama ni kukauka, yakauke polepole nipate kukimbia." Maji machache yaliyokuwa yakichuruzika yakaendelea na safari zake. Nikageuka, nikahesabu majani manne ya isale, nikavua viatu nikaingia.

Nilichimba vizuri. Sijivuni, nasema ilivyokuwa. Nilitoa matope, nikang'oa mizizi, nikasawazisha chini, na udongo wote nikaurusha upande wa chini. Nilipomaliza jua lilikuwa limetoka na mimi nilikuwa na furaha hata nikaanza kuimba pambio. Hilo pambio ndilo lililonichelewesha. Nilikuwa ubeti wa tatu nilipowaona wanaume wanapanda, majembe mabegani, katibu mbele na daftari lake kwapani, nyuma yake mwenyekiti.

Pambio nikaliacha hapohapo. "Shikamoo, meku," nikamwambia mwenyekiti. Meku ndivyo tunavyomwita mzee huku kwetu.

"Marahaba. Unafanya nini hapa?"

"Nimemaliza kipande chetu."

Katibu, mpagazi mstaafu wa mlimani, akalitazama jani la isale, akafungua daftari, akalitazama tena. Mabega yake yakaanza kutikisika.

"Mama, ulihesabu kuanzia wapi?"

"Kwenye banio." Nikawaonyesha lile lango la mbao.

Watu kama ishirini wakacheka kwa pamoja. Lile lilikuwa lango la kugawia maji tu. Banio lenyewe lilikuwa juu zaidi, mwendo wa robo saa. Sikuwahi kuliona, na hapakuwa na mwanamke mwenzangu ambaye ningeweza kumwuliza.

"Sasa hiki ni cha nani?" nikauliza.

Wote wakageuka wakamtazama mwenyekiti.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Katika vipande vyote vya mfongo ule, nilikuwa nimekwenda kuchimba cha yule aliyesema mfongo si jiko.

"Meku," katibu akasema, anajitahidi kuwa na adabu, "sheria ni yako mwenyewe. Achimbe mtu wa nyumba. Kwa hiyo leo nyumba yako haijachimba."

"Debe la mbege!" mtu mmoja akapaza sauti kutoka nyuma.

Mwenyekiti hakucheka. Akaingia mferejini na viatu vyake, akapitisha fimbo chini, taratibu, kutoka jani hadi jani. Alikuwa anatafuta kosa, na mimi nilikuwa naomba asilipate. Akafika mwisho, akarudi, akagonga ukingo.

"Udongo umeweka upande wa chini. Nani alikufundisha?"

"Ng'ombe, meku."

Lilinitoka tu. Ni lile jibu ambalo kwa kawaida lingesubiri mpaka nifike zizini. Mwenyekiti akanitazama, midomo ikacheza, kisha akacheka kwa ile sauti yake ya ng'ambo ya bonde, na wengine wote wakafuata. Alipopata pumzi akasema, "Basi tumalize hivi. Wewe umechimba changu, mimi nitachimba chenu. Nenda nyumbani ukapumzike, mama. Maji mtayapata."

Alikuwa amenifungulia mlango wa kutokea, tena kwa heshima. Mikono ilikuwa inaniwaka, malengelenge yameanza kupasuka, na mguu mmoja ulishageuka kuelekea nyumbani. Lakini daftari lilikuwa wazi mkononi mwa katibu, na mstari wa nyumba yetu ulikuwa mtupu. Mzee akichimba, si mtu wa nyumba. Zamu yetu ingekuwa ya hisani, na hisani siku yoyote mtu akinuna inakatwa. Halafu kulikuwa na jambo lingine ambalo sikulisema pale: nilikuwa nimejua tangu jana kwamba naweza, na sikutaka kwenda kulisahau nyumbani.

"Asante, meku," nikasema. "Lakini daftari linataka mtu wa nyumba. Nitachimba chetu mwenyewe."

Sauti ilitetemeka. Ilitetemeka, lakini ilitoka, na wote waliisikia.

"Kiko kule juu," mwenyekiti akasema. "Karibu kabisa na banio."

"Sasa najua."

Nikaliweka jembe begani nikaanza kupanda. Nilisubiri mtu aniite nirudi. Nilichosikia nyuma yangu ni hatua za watu, na katibu akimwambia mtu asinisukume.

Banio nilipoliona nilikaribia kukasirika. Nilikuwa nimelijenga kichwani miaka ishirini na mbili, nikaliwekea giza na vishindo. Kumbe lilikuwa mawe yaliyopangwa, magogo mawili, na mashina ya migomba yaliyosukumizwa kwenye matundu. Chura mmoja alikuwa amekaa juu ya gogo. Nikapita karibu nalo kwenda kuhesabu, na nilipogeuka nikawaona wanaume wote, Walutheri watupu, wanayachungulia maji kwa pembe ya jicho. Maji hayakuwa na habari na mimi.

Kipande chetu kilikuwa na mawe. Nilikwenda polepole. Mwenyekiti, kwa kuwa kipande chake kilishachimbwa, alikaa ukingoni kunikagua, akawa ananiambia nishike mpini mbali kidogo, nisishindane na mtu. Mara mbili alinyanyuka kutaka kunisaidia jiwe, mara zote mbili katibu akakohoa na kugonga daftari, akakaa. Saa sita hivi nikafika kwenye jani la mwisho. Katibu akaja, akapima, akaandika. Nikachungulia. Alikuwa ameanza jina la mume wangu. Nikamwomba alifute, na akaandika langu.

Walipofungua banio niliteremka pamoja na maji, mimi kwenye njia, yenyewe mferejini. Mwanzoni yalikuja machafu na majani makavu mbele, kisha yakasafika. Nilikuwa nalia kidogo na nilikuwa nacheka. Nikafika nyumbani hatua chache nyuma yake, nikayafungulia kuelekea kwenye miche, nikasimama nikayaona yanaingia kati ya viriba, mstari baada ya mstari. Mume wangu alikuwa amejikokota mpaka mlangoni na magongo yake. Akapiga hogo lake kwa kiganja kama mtu anayeshangilia mpira.

Mama mkwe alikuwa amesimama kwenye ukingo wa mfongo, anayatazama maji yanavyopita. Nikajiandaa kusemwa.

"Umefika?" akauliza.

"Nimefika, mama."

"Kwenye banio kabisa?"

"Kabisa."

Akauliza kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Likoje?"

Miaka zaidi ya sitini amepikia yale maji, amefulia, amenyweshea ng'ombe, amelea nayo watoto saba. Nikaona aibu kumwambia, lakini nikamwambia. "Ni mawe, mama. Mawe na magogo mawili. Na chura."

"Mawe tu?"

"Mawe tu."

Akayatazama maji tena. Kisha akavua ndala zake, akazishika mkono mmoja, akapandisha kanga juu ya vifundo vya miguu.

"Nipeleke nikayaone hayo mawe," akasema.

"Mama, ni mbali. Twende wiki ijayo, upumzishe miguu."

"Miguu nimekuuliza wewe?" akasema, na alikuwa ameshaanza kupanda.