Sauti ya Ndani ya Kabati

Mume wangu hakuwa mpigaji mkubwa wa gitaa, na wenzake wa bendi walimwambia hivyo usoni. Alichokuwa nacho ni sauti ya gitaa lenyewe. Ile sauti nzito, ya kukwaruza, ya vijana wa Kiingereza wa zamani kwenye santuri zilizouzwa dukani kwa baba yake, aliisaka miaka mingi, na aliipata chumbani kwetu Nguvumali, ndani ya kabati la nguo.

Amplifaya ya Kiingereza ya valvu, zile taa za kioo zinazowaka kwa ndani, haikupi sauti hiyo mpaka uifungulie yote. Ukiifungulia yote, majirani wanakuja juu. Kwa hiyo aliisukumiza kabatini, chini ya masuti yake ya bendi, mazito, ya sufu, ambayo mtu mwenye akili zake havai katika joto la Tanga, akafunga mlango. Sauti ikatoka imeshiba, haina kelele. Nguo zangu mimi zimekaa masandukuni tangu niolewe.

Mwaka jana kiharusi kilimchukua upande wa kulia na maneno yote. Hospitali wakasema anasikia, anaelewa, kusema, tungoje. Tukangoja. Watu wananisifu kwa subira na inaniudhi, maana si subira. Sihisi kitu. Namlisha, namgeuza, namwosha, kama mtu anayefagia uani.

Dada anayekuja kumnyoosha viungo alinishauri nimsikilizishe kitu alichokipenda, huenda ulimi ukafunguka. Tumaini sikuwa nalo, lakini neno nililitaka. Hata tusi ningelipokea.

Amplifaya ilikuwa uvunguni, imeliwa na chumvi. Macho yake yalipoanza kuchoka, mimi ndiye niliyemchomea nyaya dukani kwake alikotengeneza redio, basi niliifungua mwenyewe. Nikasugua kutu, nikabadilisha kapasita zilizovimba, valvu iliyokufa nikaipata kwa fundi mmoja mzee wa redio. Ilipowaka, chumba kizima kilinuka vumbi linaloungua. Mume wangu aligeuza macho tu.

Nikaiweka kabatini, nikafunga mlango, nikapiga kile kipande kimoja alichowahi kunifundisha. Sauti ilitoka kavu, ya bati. Sababu niliijua: masuti hayakuwemo. Nilikwisha kuyapeleka Muheza kwa wadogo zake, pamoja na mashati na suruali. Mtu wa kitandani anavaa kikoi na fulana, na vifungo vinataka mikono miwili.

Nikajaza blanketi, likameza sauti yote. Nikajaza kanga zangu, zikaacha mlio mkali unaochoma sikio. Nikatia mapazia ya Idi, nikayatoa. Jikoni wali uliungua, nikala ukoko. Siku kadhaa zilipita hivyo, nahamisha vitu, napiga, nasikiliza, yeye kalala pale pale ananitazama mgongo.

Mwisho nilikunja godoro kuukuu nyuma ya amplifaya, nikaning'iniza kanga mbele, nikapunguza mlio wa juu kidogo. Ikaja. Nzito, inakwaruza, imeshiba. Ilikuwa ile ile, naapa. Nilidhani nitalia. Sikulia, nikapiga tena.

Alikuwa amefumba macho. Akayafumbua, akautazama mlango wa kabati, ambao tangu augue sikuwahi kuufungua mbele yake bila kumkinga kwa mgongo wangu asione ndani. Mdomo ukahangaika upande mmoja. Nikaliweka gitaa chini, nikamwinamia.

"Sema, bwana. Nipo."

"Nguo," akasema. Akavuta pumzi ndefu. "Nguo zangu."

Mimi nilisikia sauti yake ya zamani. Yeye alisikia kabati lisilo na masuti.

Nikazima amplifaya. Kwetu nguo za mwanamume hugawiwa nduguze akishazikwa, na hilo analijua kama ninavyolijua mimi. Alinitazama, akangoja.

"Nimezigawa," nikamwambia.