Kifaru cha Baba na Siri Niliyoitunza

Harufu ya plastiki iliyosuguliwa kwa msasa wenye maji haijanitoka puani mpaka leo. Nilikuwa na miaka kumi, tunakaa na mama na kaka yangu ghorofa ya pili Mchafukoge, mvua za masika hazikatiki, na kila jioni baba yangu, fundi saa, alikuwa akiunganisha kifaru cha plastiki, kile cha kivita, kilichokuja vipande vipande ndani ya boksi. Msidhani ni mchezo wa watoto. Kiwandani walikuwa wamekitengeneza na sepetu na shoka vilivyogandamana na bodi kama uvimbe, na baba alivichukia kweli. Alivikwangua kwa wembe, akasugua pakawa laini, ili abandike vingine vinavyofanana na vya kweli. Kazi yangu ilikuwa kupaka penseli pale alipokwangua. Akisugua tena, weusi unaobaki unaonyesha bado kuna bonde. Nilijiona fundi kamili, jamani!

Jioni moja nilipaka mgongo wote wa kifaru ukawa mweusi tii, nikamkabidhi. Akakisogeza kwenye taa, akakigeuza, akakileta mpaka kikamgusa pua.

"Mbona hujapaka, mwanangu?"

Nilicheka, nikidhani ananitania. Yeye hakucheka. Alipapasa kwa kucha, kisha akainuka akafunga mlango.

"Mama yako asijue," alisema kwa sauti ya chini. "Akijua atanizuia kufungua saa za watu. Tutakula nini?"

Nikasema sawa, baba. Basi masika yote nikawa macho yake. Nilimwambia hapa pameisha, pale bado, na kuna siku alikwangua palipokwisha zamani hadi wembe ukatoboa. Mama akiuliza mbona baba anajikwaa ngazini, nilijibu kwamba ngazi zina maji. Mtoto wa miaka kumi, muongo wa kutupwa! Kila nilipomsikia baba akipanda, nilihesabu hatua zake.

Mama alipokuja kugundua, daktari alisema ni presha ya macho, na kwamba angewahishwa wangeokoa kiasi.

Sasa jengo letu limevunjwa, na baba anaishi kwangu Buguruni, haoni kitu. Wanangu nawapeleka kupimwa macho kila mwaka, hata wakilia. Mwezi uliopita nilishindwa kuvumilia, nikamwomba baba msamaha kwa kunyamaza kwangu. Alikunywa chai yake taratibu.

"Macho yalishaanza kunisaliti kabla hata sijanunua kile kifaru," alisema. "Kaka yako angesema siku ileile. Ndiyo maana nilikuita wewe unisaidie, si yeye."

Hapo ndipo nilipomkasirikia baba yangu kwa mara ya kwanza.