Mraba wa Kando ya Ziwa

Nilikuwa simwamini huyu jamaa wa ofisini kwetu anayeikatakata ardhi miraba midogo kwenye kompyuta, ili modeli ya hali ya hewa ipigie kila mraba hesabu ya udongo na mvua yake. Ukipita nyuma yake, anaikuza ramani haraka mpaka ibaki rangi tupu. Anacheka kwa pua. Vidole vyake vinapapasa kipanya kama vinasaka chawa, na gridi mpya ya miraba ikikamilika, kabla hata ya kuikagua, anakimbilia kona ileile kando ya ziwa, anabofya, anashusha pumzi. Nikasema moyoni, hapa kuna namna. Jana nikamnyatia mpaka begani. "Unachezea nini hapo, kaka?" Hakushtuka. "Kompyuta inapahesabu hapa kuwa maji," alisema, akigonga kioo kwa ukucha. "Mama yangu analima hapa. Kila mara napasahihisha kwa mkono." Nikaona haya, nikamwomba anionyeshe na kwetu, ng'ambo ya pili ya ziwa. Akaisogeza ramani taratibu, kisha akaondoa mkono kwenye kipanya. Kwenye ramani, kwetu kote bado ni maji; hakuna aliyewahi kupasahihisha.